Risasi tatu hazitoshi: ukosoaji wa majaribio ya maganda

Kuna aina ya majaribio ninayopenda sana kuyatazama, ingawa sijawahi kumiliki bunduki na wala sitarajii. Mtindo wake ni ule ule. Mpigaji shabaha, mara nyingi Mmarekani, anapanga mezani maganda ya risasi kutoka viwanda sita: Lapua ya Finland, Norma ya Sweden, Hornady, Winchester, Starline, Peterson. Anayapima kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, anayajaza baruti kwa uangalifu wa mfamasia, kisha anaenda uwanjani na kupiga risasi tatu tatu, au tano tano akiwa mkarimu. Anarudi na karatasi zenye matundu. Anapima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, anachora jedwali, na anatangaza mshindi. Ganda fulani ni bora, fulani ni takataka.

Mizani yake ni ghali kuliko ya maabara yetu. Mikono yake haitetemeki. Na karibu kila anachohitimisha hakitokani na alichokipima.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, maana kosa lenyewe si la wapiga shabaha peke yao. Lakini tuanze na ganda.

Risasi nzima ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki (kile kidonge kwenye kitako kinachowasha baruti), na ganda linaloshika vyote pamoja. Kichwa kinakwenda na hakirudi, baruti inaungua, fataki inakufa. Ganda linabaki. Kwa hiyo mtu anayejijazia risasi mwenyewe hulitumia tena na tena, mara tano, mara kumi, na ndiyo maana analijali hivyo. Limetengenezwa kwa shaba ya njano, asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Mchanganyiko huu una sifa moja ya ajabu kidogo: unavutika sana bila kupasuka. Kiwanda huanza na kisahani, kinakikandamiza kuwa kikombe, kisha kinakivuta hatua kwa hatua hadi kiwe bomba refu lililozibwa chini. Kati ya hatua, chuma cha watu hupashwa moto ili kilainike, kwa sababu kila kinapovutwa kinazidi kuwa kigumu. (Najua shaba si chuma. Fundi akisema "chuma" anamaanisha metali yoyote, na mimi nimelelewa na mafundi.)

Sasa angalia mahali tofauti zinapoweza kuingia. Kile kikombe cha kwanza kikiwa na ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kasoro hiyo huvutwa pamoja na bomba hadi mwisho: shingo ya ganda inakuwa nene huku na nyembamba kule, na kichwa cha risasi kinakaa kimepinda kidogo. Moto wa kulainisha shingo ukizidi au ukipungua, ganda moja linabana kichwa kwa nguvu na jingine linakilegeza. Tundu la kupitishia moto wa fataki likiwa na kipande cha shaba kilichobaki ukingoni, baruti haiwaki sawasawa. Na nafasi ya ndani ikitofautiana, baruti ile ile inazaa shinikizo tofauti, kwa hiyo mwendo tofauti.

Hakuna uchawi hapo. Tofauti zipo, na zina matokeo. Ugomvi wangu unahusu ukubwa wa matokeo hayo, na kama mtu aliyepiga risasi tatu anaweza kuyaona.

Hebu chukua uzito kwanza, maana ndiyo imani iliyoenea zaidi: pima maganda, yatenge kwa uzito, na bunduki itakushukuru. Hoja ni kwamba maganda yote yana umbo moja kwa nje, kwa hiyo lililo zito lina shaba nyingi zaidi na nafasi ndogo zaidi ndani. Sawa. Fanya hesabu. Wapiga shabaha hupima kwa greni, na greni moja ni gramu 0.065. Tuseme maganda mawili ya .308 Winchester yamepishana greni 2, yaani gramu 0.13. Shaba ya njano ina uzani wa gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Gawanya: tofauti ya nafasi ni sentimita za ujazo 0.015. Ganda lenyewe linabeba takriban sentimita za ujazo 3.6. Kwa hiyo tunazungumzia asilimia 0.4 ya nafasi, na mwendo hubadilika kwa sehemu tu ya asilimia hiyo. Tukikadiria robo, risasi inayotoka kwa mita 800 kwa sekunde itabadilika kwa mita 0.8.

Hiyo ni endapo gramu zile 0.13 zote zimeingia ndani. Lakini kitako cha ganda ndicho kizito kuliko sehemu zote, na kina mfereji uliochongwa kwa nje ili bunduki ipate pa kulivutia. Mfereji ukichongwa kwa kina pungufu kidogo, ganda linaongezeka uzito na nafasi ya ndani haibadiliki hata chembe. Mizani haijui shaba imekaa wapi. Anayetaka kujua nafasi ajaze maji na kupima maji, kazi ya kuchosha ambayo wachache hufanya na wengi huirukia kwa kusema "uzito ni karibu sawa na ujazo".

Kwa hiyo, hata kabla ya kufika uwanjani, tunatafuta kitu kidogo. Je, chombo chetu cha kukitafutia kinatosha?

Chukua bunduki moja, ganda la aina moja, kila kitu kile kile, na upige makundi mengi ya risasi tatu. Makundi hayatalingana. Tukichukulia kwamba risasi zinatawanyika kwa nasibu kuzunguka kitovu kwa mkunjo wa kawaida, ule wa umbo la kengele, inajulikana kabisa makundi yatatofautiana kiasi gani: ukubwa wa kundi la risasi tatu hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 37 ya wastani wake. La risasi tano, asilimia 27. La risasi kumi, bado karibu asilimia 20. Hii ni bunduki ile ile, ganda lile lile, mtu yule yule. Wiki hii kundi la sentimita 2, wiki ijayo 3, na hakuna kilichobadilika.

Sasa weka maganda sita mezani, halafu chagua dogo kuliko yote. Unaona tatizo linapoingia? Hata kama maganda yote sita yametoka kwenye sanduku moja, kuna moja litashinda na moja litashindwa, na kwa risasi tatu tatu mshindi mara nyingi atakuwa na kundi lililo chini ya nusu ya kundi la wa mwisho. Mtu anaona nusu, anashawishika. Nani asingeshawishika? Ni kama kuwapa watu sita dadu na kumsifu aliyepata sita kwa ufundi wa mkono.

Wajuaji zaidi watakuambia hawapimi matundu, wanapima mwendo. Wana kifaa cha rada pembeni ya bunduki, na wanasoma mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mwendo unavyotawanyika kuzunguka wastani. Hili ni jambo zuri kweli, na nawapongeza, maana mwendo hausumbuliwi na upepo. Na mwendo una maana: kwa risasi ya kawaida ya 6.5 Creedmoor, tofauti ya mita 3 kwa sekunde inashusha au kupandisha tundu kwa takriban sentimita 6 katika umbali wa yadi 1,000. Lakini mkengeuko sanifu uliokadiriwa kwa risasi tano ni makadirio mabaya mno. Ukipata 3, thamani ya kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, iko popote kati ya 1.8 na 8.6. Soma tena. Kifaa kimeandika "3.0" kwa ujasiri wa nukta ya desimali, na ukweli unaweza kuwa karibu mara tatu yake. Kwa risasi kumi ni kati ya 2.1 na 5.5. Kwa thelathini, 2.4 na 4.0, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza kuwa na maana.

Ukitaka kulinganisha maganda ya aina mbili kwa risasi kumi kumi, moja lazima lionekane kutawanyika mara mbili zaidi ya jingine ndipo useme kwa haki kwamba yametofautiana. Mara mbili! Kwenye majedwali ninayoyaona, watu wanatofautisha 2.7 na 3.1 na kumtuma mtu akanunue sanduku la bei kubwa.

William Gosset aliliona tatizo hili akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin. Alikuwa na sampuli chache za shayiri na matokeo machache ya maabara, na mbinu za wakati ule zilitaka sampuli nyingi. Mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la siri "Student", na kutoka hapo tukapata ile t ambayo sote tumeikariri kwa mtihani. Wengi wetu tulitoka pale tukiamini kwamba Gosset alituruhusu kutumia sampuli chache. Alichofanya ni kutuonyesha bei ya kuzitumia.

Kuna kitu kingine ambacho nadhani ndicho kiini cha yote, na sijaona jedwali hata moja linalokigusa. Vyanzo vya mtawanyiko vinavyojitegemea havijumlishwi moja kwa moja. Vinajumlishwa vikiwa vimepigiwa kipeo cha pili. Tuseme mwendo wako wote una mkengeuko wa 3, na ndani yake ganda linachangia 1, mengine yakiwa baruti, fataki, joto la mtutu. Ukipata maganda makamilifu kabisa, yasiyo na tofauti hata ya atomi moja, utabakiwa na kiasi gani? Si 2. Ni kipeuo cha pili cha 9 toa 1, yaani 2.83. Umeondoa theluthi ya tatizo, ulidhani, na tatizo limepungua kwa asilimia 6. Na ili utofautishe 3.0 na 2.83 kwa kulinganisha mitawanyiko, kwa uwezekano mzuri wa kufaulu, ungehitaji zaidi ya risasi 2,000 kwa kila upande. Mtutu wa 6.5 Creedmoor unaanza kuchakaa kabla hujamaliza.

Kwa hiyo mtu anayesema "nilitenga maganda yangu kwa uzito na mtawanyiko ukashuka kutoka 3 hadi 2" ameona kitu ambacho, kwa mfano huu, hakiwezekani kutokana na ganda. Ameona bahati. Simwiti mwongo, naamini kabisa ameona.

Niseme pia upande wao. Risasi ni ghali, fataki nzuri hupotea madukani kwa miezi, mtutu una umri, na bega linauma. Kumwambia mtu apige 30 kwa kila ganda ni rahisi kwangu ninayekaa na kompyuta. Isitoshe wanafanya mambo ambayo wengi wetu hatufanyi: wanaonyesha vifaa vyao, wanaweka namba hadharani, wanarudia. Na bingwa wa mashindano anayetenga maganda hafanyi ujinga. Kwake ni saa mbili za jioni na utulivu wa moyo siku ya mashindano. Ila usiniambie anashinda kwa sababu hiyo, maana waliomaliza nafasi ya hamsini nao walitenga.

Wapo waliojaribu kutoka kwenye mtego huu. Kwenye ulimwengu wa wapiga shabaha kuna simulizi maarufu ya ghala moja Houston, ambako Virgil King na wenzake walipiga ndani ya jengo refu, bila upepo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dave Scott aliiandika katika jarida la Precision Shooting mwaka 1993, na bado watu wanainukuu kama msahafu. Wazo la kuondoa upepo ni la kisayansi kabisa. Ila kinachokaa vichwani mwa watu kutokana na simulizi ile ni makundi bora kabisa yaliyopigwa, tundu moja juu ya jingine, na mashauri ya bwana mkubwa. Makundi bora ndiyo yanayotufundisha kidogo zaidi, kama tulivyoona kwa dadu.

Mimi namwamini zaidi mtu wa zamani zaidi. Franklin Mann alikuwa daktari wa Massachusetts, na mwaka 1909, mwaka mmoja baada ya Gosset, alitoa kitabu The Bullet's Flight from Powder to Target. Alijenga nguzo ya zege akaifunga mitutu juu yake, akaiita Gibraltar, ili mkono wa binadamu uondoke kwenye hesabu. Halafu akafanya jambo ambalo naliona la akili kuliko yote: badala ya kutafuta risasi kamilifu, aliziharibu makusudi. Alikata vitako vya risasi, alibonyeza ncha zake, akapiga kuona kasoro ipi inaumiza. Ncha iliyoharibika haikudhuru sana, kitako kilichoharibika kilidhuru vibaya. Kasoro kubwa ya makusudi hutoa ishara inayosikika juu ya kelele.

Tumia akili ya Mann kwenye maganda. Usilinganishe viwanda sita. Chukua maganda 100 ya sanduku moja, yapime, chukua 15 mazito kuliko yote na 15 mepesi kuliko yote, na usahau yaliyo katikati. Yape namba, changanya mpangilio wa kupiga kwa nasibu ili joto la mtutu na uchovu wako visiangukie kundi moja, na ikiwezekana mtu mwingine ndiye ajue namba ipi ni nzito. Halafu usilinganishe mitawanyiko. Linganisha wastani wa mwendo. Kama uzito kweli ndio unaochangia ile 1 ya mfano wetu, wastani wa makundi haya mawili utapishana kwa takriban mita 3 kwa sekunde, na kosa la tofauti hiyo ni kama mita 1. Utaiona. Kwa risasi 30, badala ya 4,000. Na usipoiona, basi umepata jibu pia: mizani ilikuwa inapima kitu kingine, pengine ule mfereji wa kitako.

Kuna mahali ambapo ufanano wa maganda si mchezo wa milimita, na inanikera kwamba hapa ndipo majaribio haya yanapita haraka. Maganda ya kijeshi ya 7.62 mara nyingi yana kuta nene kuliko ya kiraia ya .308, ingawa kwa nje ni mapacha. Aliyezoea ganda moja akimimina baruti ile ile kwenye jingine anapata shinikizo kubwa zaidi, karibu na uso wake. Kutenga maganda kwa kiwanda na kwa umri kunalinda macho na vidole, na hilo halihitaji takwimu yoyote kulitetea.

Vivyo hivyo kwa kemia. Jeshi la Waingereza lilipokuwa India lilishangaa kuona maganda yakipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, bila kupigwa. Yalikuwa yamehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza sababu mwaka 1921: mkojo wa farasi hutoa amonia, amonia pamoja na unyevu huishambulia shaba ya njano pale penye mkazo uliobaki ndani yake tangu ilipovutwa kiwandani. Dawa ilikuwa kuipasha moto wa wastani, kuuondoa mkazo. Ndiyo maana hadi leo anayejijazia risasi huonywa asioshe maganda kwa dawa zenye amonia. Kwetu pwani, mwenye sinia au kufuli la shaba ya njano lililopata ufa bila kuangushwa, hapo kuna pa kuanzia kufikiri.

Nilisema kosa si la wapiga shabaha peke yao. Kwenye kazi yangu ya shahada ya uzamili nililinganisha joto la aina mbili za kulainishia shaba, vipande vitatu kwa kila joto, nikavuta hadi vikakatika, nikachora nguzo mbili na kuandika kwamba moja ni "imara zaidi". Ilipita. Hakuna aliyeuliza. Jirani yangu wa uhandisi ujenzi alikuwa anavunja matofali matatu ya zege ya siku 28 kwa kila mchanganyiko na kupanga michanganyiko mitano kwa ubora. Tatu, tena tatu. Tatu kwenye zege ni kwa ajili ya kukagua kama mchanganyiko umefikia kiwango, kazi inayofaa kabisa. Kupanga washindi watano ni kazi nyingine.

Ukitaka kujiumiza kama nilivyojiumiza, fungua kompyuta, andika mistari kumi ya Python: vuta namba tatu za nasibu za kulia na kushoto, tatu za juu na chini, pima umbali mkubwa kati ya pointi mbili, rudia mara sita, chapisha dogo na kubwa. Bofya tena na tena, na kila mara andika "kiwanda" gani kimeshinda. Kisha badilisha tatu iwe thelathini.